Mtungi Uliokuja na Upepo Wake

Kibiti,
Jumatano, 14 Agosti 2024.

Kaka Sixtus,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua mdomo wako umejibu "Milele, amina" kabla macho hayajafika chini kwenye jina langu, kwa hiyo salamu umeshaitikia na huwezi kuirudisha. Nimekutega makusudi. Miaka sita hatujaandikiana, na simu zangu za mwezi wa sita hukupokea, nikaona nianze na salamu ambayo katekista hawezi kuiacha bila jibu.

Hujambo, Kaka? Shemeji na watoto hawajambo? Mama miguu inamwendeaje na baridi ya mwezi huu? Najua mko katikati ya kahawa na kila mwenye mikono yuko shambani, na najua ninachokuja kuomba kinakuja wakati mbaya. Bahasha hii nimempa Mwalimu Elinipendo, aliyekuwa anafundisha huku na sasa amehamishiwa shule ya huko kwenu Mbinga. Ni mwanamke mwaminifu, hatauliza kilichomo. Umpe maji na umkaribishe vizuri, amesafiri siku nzima kupitia Tunduru.

Mimi mwilini sina neno. Bado niko kwenye kituo cha afya, natunza stoo, nabadilisha mitungi ya oksijeni wodini, naandika kwa chaki ubavuni mwake UMEJAA au MTUPU, na watu wa huku wananiita daktari mpaka nimechoka kuwakatalia. Kusema kweli sijachoka. Sijawahi kuwakatalia hata mara moja. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiniita Bwana Najua, kwa sababu nilikuwa najibu kabla swali halijaisha? Wewe ulikuwa unacheka mpaka unashika tumbo. Likumbuke jina hilo, maana barua hii yote ni habari yake.

Nina ombi moja, nalitaja mapema ili usome ukilijua. Nataka upande basi uje Mbuchi ukakae na dada yetu Vicky. Siku alipoolewa na Mudathiri na kufuata dini ya mumewe, ulisema kuanzia leo huna dada upande wa pwani. Sikuandikii kukulaumu kwa hilo, mimi si wa kumlaumu mtu mwaka huu. Ila sababu ya kukuita ni ndefu, na sehemu yake mbaya nimeiweka mwishoni kwa kuwa nimeshindwa kuianza nayo. Nimechana karatasi tatu nikijaribu.

Nianze na marehemu, kwa sababu wewe hukumjua. Mudathiri alikuwa mtu mwembamba mwenye mikono mirefu, mtani, asiyeweza kukaa na mtu dakika tano bila kumpa jina. Kazi yake ilikuwa kuzamia. Huku kwenye delta mito ni mingi na maji yake ni tope. Ukishuka kidogo tu huoni mkono wako, na ukifika chini unafanya kazi kwa vidole. Mtu akiangusha mashine ya boti, nanga ikinasa kwenye mizizi ya mikoko, walimwita yeye. Zamani alishuka kwa pumzi yake tu, baadaye akapata mtungi mmoja wa alumini wa kubeba mgongoni. Alinitania kwamba sisi watu wa bara tukiona maji yanayozidi ndoo tunasali. Alimpenda Vicky, Kaka. Niliona kwa macho yangu akimchotea maji ya kuoga mchana kweupe, wanaume wenzake wakipita na kumcheka, naye anaendelea kuchota.

Mwezi wa tano tishari la mkandarasi mmoja lilizama kwenye mto karibu na Mbuchi likiwa na shehena ya mabomba ya chuma. Mkandarasi alitaka mtu wa kushuka kuyafunga minyororo, moja baada ya jingine, yavutwe juu. Mudathiri akachukua kazi hiyo pamoja na Mshamu, rafiki yake aliyetahiriwa naye. Mshamu ndiye mwenye mashine ya kujazia mitungi upepo, na kazini ndiye aliyekaa botini na kushika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mwenzake. Walikuwa na alama zao. Kuvuta mara moja, niko salama. Mara mbili, nabadilisha. Mara tatu, nivute juu.

Tatizo lilikuwa ule mtungi wa alumini. Ukiwa mmoja hautoshi. Anapomaliza kupapasa na kulipata bomba, upepo umekwisha. Halafu alumini ikikaribia kuisha inakuwa nyepesi, inamnyanyua kiunoni wakati yeye anataka kukaa chini, na maji yanamsukuma. Alitaka mitungi miwili ya chuma, mizito, ya kimo kimoja, aifunge pamoja mgongoni. Aliiita pacha. Kila mmoja na mpira wake na kinywa chake cha kupumulia: wa kwanza ukiisha anatema, anashika wa pili, anaendelea. Alituonyesha mimi na Vicky barazani kwao kwa chupa mbili za soda alizozifunga kwa mpira wa baiskeli, akazibeba mgongoni akazunguka nazo uani, Vicky anacheka mpaka anamwaga chai.

Mipya haipatikani kwa mtu kama yeye. Iliyotumika alisikia iko Dar, kwa mtu anaitwa Twalibu anayeuza vifaa vya boti vilivyokwisha tumika. Lakini zilikuwa siku za maji mafu, zile siku chache ambazo mkondo unatulia na mzamiaji anaweza kufanya kazi, na hakutaka kuzipoteza barabarani. Akasema inahitajika mtu anayejua mitungi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nikaenda Dar. Kwa Twalibu palikuwa na mitungi sita ya chuma iliyotoka kwenye hoteli ya watalii iliyofungwa. Niliikagua, nikachagua miwili. Nikiwa bado nimechuchumaa pale, simu ikalia. Ni Mudathiri, yuko botini, upepo unapiga, ananiuliza vipi shemeji, mambo yakoje huko. Nikamjibu kama tunavyojibu wote tangu tunajifunza kusema. Nikasema, "Safi." Nikamsikia anapaza sauti kuwaambia wenzake kwamba daktari kasema mitungi ni safi, na mtu mwingine nyuma yake anamshukuru Mungu. Yeye aliuliza hali, mimi nikajibu hali, neno likaenda kukaa kwenye mitungi. Hivyo ndivyo nilivyomsimulia Vicky baada ya mazishi, na ndivyo nilivyowasimulia watu msibani, nao wakatikisa vichwa na kusema neno dogo jamani.

Alhamisi tarehe 27 Juni Mudathiri alishuka na pacha wake kwa mara ya kwanza. Haya nayajua kwa Mshamu mwenyewe na kwa watu wa mkandarasi waliokuwa pale. Alifunga bomba la kwanza, likavutwa. Akafunga la pili. Kamba ikavutwa mara moja mara kwa mara, kila kitu kiko sawa. Kisha ikavutwa mara mbili, anabadilisha. Baada ya hapo haikuvutwa tena. Mshamu alingoja kidogo, akavuta, ikawa nzito. Akajitupa majini na nguo zake, bila mtungi, akashuka na kupanda mara tatu mpaka akamkuta amelala kifudifudi juu ya mabomba kama mtu aliyechoka. Mabomba yale yalimchana Mshamu kifua na mikono, na alama hizo anazo hadi leo huko aliko.

Walimleta kituoni kwetu, nami ndiye niliyekuwa zamu ya oksijeni. Nilisukuma mtungi wangu mbio hadi kitandani, mganga akajaribu kwa muda mrefu kuliko kawaida kwa kunionea huruma. Uso wa shemeji ulikuwa umetulia. Hakuwa na dalili ya mtu aliyepigania roho yake. Alizikwa kabla ya jua kuzama, kwa desturi yao. Ujumbe wa msiba niliokutumia najua uliusoma, maana Mama alinipigia analia.

Utulivu ule wa uso ndio uliomponza Mshamu. Mashine yake ya kujazia inaendeshwa na injini ya petroli, na mpira wake wa kuvutia hewa ni mfupi, uko karibu na bomba la moshi. Watu wakasema ameujaza mtungi moshi, na moshi unaua mtu taratibu kama usingizi. Mara yakaongezwa mengine, kwamba alimwonea mwenzake kijicho kwa kuoa mwalimu kama Vicky. Mshamu akachukuliwa, na mpaka leo yuko mahabusu kwa kesi ya kuua bila kukusudia. Alijitetea kwa jambo moja tu, na ameshikilia hilo hilo tangu siku ya kwanza: kwamba mtungi wa kwanza aliujaza yeye, lakini ule wa pili hakuugusa. Ulikuja kutoka Dar na upepo wake. Watu waliposikia hivyo walizidi kumwona mwongo. Nani anauza mtungi akamwachia mtu na upepo?

Mpelelezi alikuja kwangu mara moja, akaniita mtaalamu. Aliniuliza kama injini ya petroli inaweza kutia moshi kwenye mtungi. Nikajibu kwamba inawezekana. Akaniuliza kama ni kweli mtungi mmoja ulikuja umejaa. Nikajibu kwamba kwa kawaida mitungi ya kuuza husafirishwa mitupu. Akaandika yote mawili na kunishukuru. Ukiyapima yale majibu, Kaka, hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Inawezekana, na kwa kawaida ni hivyo.

Mke wa Mshamu anaitwa Mwanamina. Kila wiki alikuwa anakwenda kwa Vicky na sahani ya wali imefunikwa kawa, anakaa nje ya mlango, na kila wiki Vicky anakataa kumfungulia. Vicky yuko edani, hatoki nyumbani mpaka mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo anamsikia akikohoa hapo nje na hawezi kumkwepa wala hataki kumpokea. Mwishowe Mwanamina akanijia mimi kituoni. Hakulia. Alisema yeye hanitaki nimtetee mumewe, ananiuliza neno moja tu, kwa kuwa nilikuwapo barazani siku mitungi ilipofika, je, ule mmoja si ulikuwa umejaa? Nilimwambia sikumbuki vizuri, mambo yalikuwa mengi siku ile. Akaniangalia, akajifunga kanga yake upya, akasema haya daktari, akaondoka. Wewe unayewafundisha watoto habari za Mtume Petro, hesabu mwenyewe. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Mitungi yenyewe iliwekwa stoo kwangu. Polisi hawakuwa na chumba cha kuiweka na waliogopa italipuka, wakasema daktari anajua kuhifadhi. Kwa hiyo kila nikiingia kuchukua oksijeni ya mgonjwa, pacha wa shemeji wamesimama pembeni, bado wamefungwa pamoja. Nilivumilia karibu mwezi mzima. Ijumaa tarehe 26 Julai, saa saba mchana, wenzangu wengi wako msikitini, nikajifungia stoo na ndoo, karatasi ya nailoni, na mshumaa niliouning'iniza kwenye waya.

Mtungi wa kwanza, aliokuwa ameumaliza, ulikuwa umebaki na upepo kidogo. Niliuachia polepole ukajaa kwenye ndoo niliyoifunika nailoni, nikashusha mshumaa. Ukawaka kama kawaida hadi chini. Huo ndio uliojazwa na Mshamu. Nikafungua koki ya mtungi wa pili, ambao geji yake ilikuwa bado inasoma karibu imejaa, nikajaza ndoo vile vile, nikashusha mshumaa. Ulizimika kabla haujafika katikati. Nikafikiri nimeushusha vibaya, nikarudia. Nikarudia mara nne. Kisha nikaufungua ule mkanda, nikaulaza mtungi ubavu, nikauinua upande mmoja, na ndani nikasikia maji yakitembea na vipande vya kitu vikikwaruza chuma.

Kutu inakula, Kaka. Maji ya chumvi yakifungiwa kwenye chuma pamoja na hewa, kutu inachukua kwenye hewa ile kitu kile kile tunachoishi nacho, oksijeni. Mwaka mmoja, miaka miwili, geji haishuki sana, mtungi hauvuji, unaonekana umejaa, na aliyeupumua hasikii harufu wala kukabwa. Anavuta pumzi moja, mbili, tano, kisha anazimika. Nimesoma baadaye kwenye simu kwamba ni jambo linalojulikana kwa wazamiaji wa kila mahali. Mimi nilikuwa silijui. Nilichokuwa nakijua ni mitungi ya hospitali, ambayo mzuri ni uliojaa na mbaya ni mtupu.

Sasa nirudi kwa Twalibu, niseme nilivyofanya kweli.

Nilianza vizuri. Nilisoma mwaka uliogongwa begani mwa kila mtungi, nikatafuta miwili ya mwaka mmoja na kimo kimoja. Nilivua viatu vya mpira vya chini, ambako maji ya chumvi hujificha, nikakwaruza rangi kwa ukucha. Halafu nikachukua spana nikagonga. Mmoja uliita sauti ndefu, safi, mpaka Twalibu mwenyewe akatabasamu. Wa pili ulitoa sauti fupi, nzito, kama unagonga nazi mbovu. Niliisikia, Kaka. Mtu yeyote aliyewahi kuchagua nazi sokoni angeisikia. Twalibu akafungua koki kidogo, upepo ukatoka kwa kishindo, akaniambia huu unao upepo wake tangu hoteli ilipofungwa, haujapoteza kitu, kama ni mgonjwa basi ungeshaisha. Nikaitikia kwa kichwa. Kuangalia ndani ilibidi kwanza kuumwaga wote, kufungua shingo kwa spana kubwa na kumulika tochi, na mimi kazi hiyo sijawahi kuifanya maishani mwangu na sikutaka Twalibu aone kwamba sijui pa kuanzia. Simu ilipolia, nikasema safi. Ni kweli neno lile lilikuwa la kujibu salamu. Lakini niliposikia amelipokea vingine nilikuwa na simu sikioni, na yeye bado yuko hewani, na nilinyamaza kwa kuwa nilipenda nilivyomsikia akiliringia jina langu mbele ya watu.

Hapo ningeweza kusema ni neno lililopotea njia. Ila halikuishia hapo. Jioni niliyorudi, barazani kwao, Vicky akiwa jikoni, Mudathiri aliniuliza kwa utulivu, ana kwa ana, kama ndani nimeangalia. Nikasema nimeangalia. Mtungi uliojaa hauwezi kuwa umeangaliwa ndani, kitu hicho hakiwezekani, na uongo wangu ulikuwa umesimama pale barazani na geji yake imejaa, hakuna aliyeuona. Ni Mshamu peke yake aliyesita. Mshamu alisema yeye angependa auachie ule upepo wa Dar wote, aufungue, aujaze upya kwa mkono wake, kwa kuwa hapendi mtu ashukie pumzi asiyoijua ilikotoka. Na mimi nikamkatisha. Nilimwambia hospitali mtungi uliojaa hatuufungui mpaka mgonjwa auhitaji, kuumwaga ni ujinga na ni kupoteza petroli bure. Nilisema neno hilo, ujinga, mbele ya mkewe Mwanamina. Mudathiri akacheka, akamwambia mwenzake basi, daktari keshasema. Mshamu akauacha mtungi. Kisha mimi nikaomba rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa ubavuni mwa mitungi yote miwili, SAFI, na tarehe chini yake.

Yule aliyetaka kumwokoa ndiye yuko ndani. Aliyemzuia anaitwa mtaalamu. Na siku kumi na tisa zimepita tangu mshumaa ule uzime, na siku zote hizo nimekula, nimelala, nimekwenda misa na nimepokea komunyo.

Kilichonivunja si ujasiri. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona Vicky. Amekonda. Aliniomba niende mahakamani kama shahidi, kwa kuwa yeye kwa eda yake hawezi, nikaseme kwamba Mshamu alijaza mitungi yote miwili. Kesi inatajwa Jumatatu. Halafu akasema kitu kinachompa usingizi kidogo ni kwamba mitungi yenyewe aliichagua kaka yake, aliyeiangalia mpaka ndani, kwa hiyo angalau ana hakika kosa halikuwa la kwao. Akanipa chai. Nikaimaliza chai ile yote kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nimeamua hivi. Kesho Alhamisi nakwenda Mbuchi kumwambia Vicky kwa mdomo wangu, na nitamwomba Mwanamina awepo, asikie na yeye. Keshokutwa asubuhi nakwenda polisi na ndoo yangu na mshumaa wangu. Nimegusa vielelezo vyao, na hilo nalo nitalijibu. Utakapokuwa unasoma haya huenda nimeshakaa kwenye benchi lao. Sijui watanifanya nini, na nashangaa kuona kwamba hilo silo linaloniogopesha.

Linaloniogopesha ni Vicky. Nikishamwambia, hatakuwa na mume na hatakuwa na kaka, na ana karibu miezi mitatu ya kukaa ndani ya nyumba ile ile yenye zile chupa mbili za soda. Kutoka hawezi, kuja kwenu hawezi. Ndugu wa damu hazuiliwi kumwona mwanamke wa eda, nimewauliza wenyewe, wamesema mlango uko wazi kwako. Hutakiwi kuikubali dini yake. Hutakiwi hata kusema samahani, hajui kwamba anaingoja. Kaa tu barazani, ule wanachokula, umsikilize. Kahawa wataivuna wengine.

Basi la Songea linapita Kibiti baada ya kuvuka daraja la Rufiji na kupita Ikwiriri. Mwambie konda mapema. Ukishuka uliza bodaboda za kwenda Mbuchi, kila mtu anaijua nyumba ya Mwalimu Vicky. Mama usimwambie sasa. Mwambie unakuja kutusalimia, mengine nitamwandikia mwenyewe nikipata karatasi huko nitakakokuwa. Msalimie Shemeji, wasalimie watoto, na padre umwombe anitie kwenye nia ya misa bila kutaja sababu.

Na jambo la mwisho. Ukifika, Vicky atakuuliza habari za safari, hawezi kuacha kuuliza hata akiwa na msiba, unamjua. Nakusihi, Kaka, usimjibu safi. Tafuta neno jingine lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Nicolaus,
yule Bwana Najua wenu.